Paa Lililosubiri Ruzuku

14 Mei

“Fedha zipo tele. Kinachokosekana ni watu wanaojua kuomba.”

Maneno haya aliyasema leo Licenciado Amílcar Funes, msomi wa shahada na ofisa wa Mfuko wa Mapambazuko, katika ukumbi wa hoteli mjini La Esperanza, mbele yetu sisi watu wa vikundi vidogo tulioshuka kutoka milimani kuja kufundishwa kuandika maombi ya ruzuku. Aliyasema akiwa ameshika kikombe cha kahawa iliyolimwa na watu waliokaa mbele yake.

Nimeandika magazetini nusu ya umri wangu, na ualimu nilifukuzwa kwa sababu ya mdomo huu huu, kwa hiyo sikunyamaza. Nilisimama nikamwambia kwamba ukumbini humo hakukuwa na mtu asiyejua kuomba. Tumeomba barabara kwa wabunge, mbegu kwa wizara, mvua kwa watakatifu na muda kwa benki. Hakuna watu duniani waliobobea katika kuomba kama sisi. Kama kuomba kungeleta fedha, mji wetu wa Gualpoa ungekuwa na lami hadi mlangoni kwa mbuzi.

Watu walicheka. Funes naye alicheka, na hilo ndilo lililonikera.

“Mwalimu Ercilia,” akasema, “hasira hiyo iingize kwenye andiko. Sehemu ya uhitaji. Ila iwe na takwimu.”

Hata hivyo makabrasha yake niliyachukua. Kiburi changu kisilipiwe na wengine. Upepo wa Aprili umebeba nusu ya mabati ya Nyumba ya Kusubiria, ambamo wajawazito wa ng'ambo ya mto Yarapuca huja kukaa wiki zao za mwisho, kwa sababu mto ukishajaa hakuna avukaye. Wafadhili wetu wa zamani waliondoka Desemba. Barua yao ilisema vipaumbele vimebadilika. Wanawake wa ng'ambo hawajabadilika, wanaendelea kuzaa.

17 Mei

Funguo za nyumba anazo mkunga wetu, Toribia. Ananiita comadre kwa kuwa alimsimamia mwanangu ubatizo. Akiniita Mwalimu, najua nimemuudhi. Leo nilimkuta akimpima Nolvia Manueles, binti wa Las Joyas, kule ng'ambo. Mwaka jana mtoto wa kwanza wa Nolvia alifia tumboni, yeye mwenyewe akiwa kwenye machela, wanaume wakizunguka ukingoni kutafuta pa kuvukia. Sasa ana mimba tena. Atajifungua mwishoni mwa Septemba, wakati mto uko kwenye ubaya wake.

“Safari hii Agosti uko hapa,” Toribia alimwambia. “Usipokuja nakufuata na kamba, nakuburuta kama ndama.”

“Nitalala wapi, Mama? Nimechungulia mle ndani nikaona mawingu.”

“Paa tutaweka.”

Nolvia akanigeukia. “Mwalimu ndiye anayeandika hizo karatasi?”

“Mimi.”

“Basi andika kwa mwandiko mzuri. Wangu mimi ni mbaya, ningetufukuzia watu.”

Ana kicheko cha mtu anayefunika mdomo kwa mkono. Nilimwambia asijali.

21 Mei

Kikao cha kamati yetu ya Nyumba. Mzee Hermógenes, mtunza mali wa Mtakatifu Gaspar mwaka huu, alitangaza kwamba boriti za msonobari zimekwisha kukatwa katika msitu wa mtakatifu, vigae vya zamani vimerundikwa nyuma ya kanisa, na wanaume wa kazi ya pamoja watakuja Jumamosi. Wanawake watapika maharage na tortilla, mikate yetu ya mahindi. Hivyo ndivyo kila kitu kilivyojengwa hapa, kanisa lenyewe likiwemo.

Ikabidi niwasomee kifungu cha kumi na moja cha masharti ya Mfuko: “Kazi yoyote itakayoanza kabla ya mkataba kutiwa sahihi haitagharamiwa, na uhitaji husika utahesabiwa kuwa umekwisha kutatuliwa.”

“Nisomee tena,” alisema Toribia. Nikamsomea.

“Yaani nikijifunga kitambaa kwenye kidonda, daktari atasema sina kidonda.”

“Ndiyo maana yake.”

“Na daktari huyo tunamwita wa nini?”

Nilijibu kama nijibuvyo magazetini, kwa nguvu na kwa mpangilio. Paa peke yake si nyumba. Tukiliezeka sasa, tutakuwa na paa zuri juu ya chumba kisicho na dawa, kisicho na chakula, na mkunga asiyelipwa. Tukivumilia miezi miwili, tunapata vyote. Miezi miwili ni nini? Mto wenyewe haujajaa.

Waliona nina hoja. Mkono wa Hermógenes ndio ulioinuka mwisho, polepole, kama wa mtu anayesikilizia kama manyunyu yamekatika.

30 Mei

Mvua. Umeme hakuna. Nimeandika neno “walengwa” mara nyingi hata naona haya kukutana nao sokoni.

8 Juni

Swali la nne la fomu: “Mmiliki wa kiwanja ni nani?”

Niliwauliza wanakamati, nao wakanitazama kama niliyeuliza jua linatokea upande gani. Kiwanja ni cha Mtakatifu Gaspar. Alipewa na mababu wa pande zote mbili za mto, pamoja na msitu wa misonobari, shamba la mahindi na fahali wake wawili. Mahindi ya shamba hilo ndiyo wanayokula wajawazito wa Nyumba ya Kusubiria. Kila Januari watu huchagua mtu wa kumshikia mali. Sanamu yake ina urefu wa mtoto wa darasa la pili, uso umefifia upande mmoja kwa kubusiwa.

“Niandike kanisa?” niliuliza.

“Kanisa ni mpangaji wake,” alisema Hermógenes.

“Niandike kamati?”

“Kamati imezaliwa juzi. Licenciado alisema mseme ukweli. Andika ukweli.”

Niliandika: Mtakatifu Gaspar, kwa desturi ya mji. Nikaongeza aya ndefu juu ya umiliki wa pamoja uliokuwepo kabla ya jamhuri, pamoja na kombora moja au mawili kwa wanaodhani ardhi inaanzia kwa mwanasheria. Nilijiona nimeandika vizuri sana. Ndivyo nilivyo, sentensi nzuri inanilevya.

19 Juni

Funes alipiga simu.

“Mwalimu, mtandao unakataa. Unataka namba ya kitambulisho cha mmiliki.”

Hermógenes alikuwa kando yangu. “Mwambie alizaliwa kabla ya vitambulisho.”

Funes alisikia, akacheka, kisha sauti ikachoka. “Mimi namwelewa mzee. Kamati ya Tathmini huko juu haitamwelewa. Bila mmiliki anayeweza kutia sahihi, andiko linarudi chini ya rundo. Ipeni halmashauri kiwanja.”

Meya ana shemeji mwenye mashine ya kupasua mbao na macho kwenye misonobari ya mtakatifu. Habari ya halmashauri iliishia hapo.

2 Julai

Nimegombana na Hermógenes barabarani, watu wakisikia. Funes ametafuta njia nyingine: mtunza mali atie sahihi hati ya kuazima kiwanja kwa kamati, mtakatifu abaki na mali yake. Hati nimeiandika. Kalamu nimempelekea. Mzee amekataa.

“Mali ya mtakatifu haitolewi gizani,” alisema. “Inatakiwa watu wa pande zote mbili wawepo, na yeye mwenyewe aletwe aone anachoombwa. Watu wa ng'ambo hawawezi kuvuka na maji haya. Tungoje jua la Julai.”

Nilimwita kizuizi cha maendeleo. Nilimwambia kuna wanawake wenye mimba wanaongoja kipande cha mbao kipewe taarifa.

“Mwalimu, mimi nimeshikishwa mali tu. Nikikushikia mbuzi wako, ukarudi ukakuta nimemuuza kwa kuwa jirani alikuwa na shida ya kweli, utanishukuru?”

“Si kuuza. Ni kuazimisha.”

“Ndiyo maana nataka aulizwe. Kitu cha kuazima mtu huulizwa.” Akainua kofia, akaenda zake na matope yake.

Niliandika ukurasa mzima wa kumlaani. Nimeuchana. Haukuwa na hoja, ulikuwa na sauti tu.

11 Julai

Barua kutoka Mfuko, ya kutukumbusha hati. Chini imeandikwa “Kamati ya Tathmini”. Nimeigeuza nyuma na mbele. Hakuna jina la mtu.

24 Julai

Mvua imepumzika, kama inavyopumzika kila mwaka wakati huu. Mto umeshuka hadi magotini, na watu wa Las Joyas wamevuka na ngoma yao. Nolvia alikuwa mbele, tumbo limekaa juu, ameshika viatu mkononi.

Mtakatifu alibebwa kwa zamu hadi Nyumba ya Kusubiria, akakalishwa kwenye kiti katikati ya chumba kisicho na paa, uso ukielekea juu penye tundu. Hermógenes alivaa miwani ya mkewe, akamsomea hati yote. Kisha akaniomba masharti ya Mfuko, akamsomea hayo pia, kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa barua ya mwanawe. Alipofika cha kumi na moja alisimama.

“Hiki hakipendi.”

“Umejuaje?” niliuliza.

“Hata mimi sikipendi, na mimi ni mpole kuliko yeye.”

Watu walicheka, Nolvia amefunika mdomo. Mshumaa ukawashwa. Desturi ni kwamba wanawake wakubwa wa pande zote mbili wanakaa naye mpaka uishe, na mtu yeyote mwenye neno analisema mbele yake. Nilisimama mlangoni nikitazama saa yangu. Nilikuja pale kudharau, na nakiri kwamba sikuweza. Kila mtu aliyekuwa na neno alilisema. Mjane mmoja aliuliza maji ya kisima yatakuwa ya nani. Kijana mmoja aliuliza kama hao wa Mfuko watakuja kumsalimu mtakatifu. Nimehudhuria mikutano mikuu ya chama na ya walimu maisha yangu yote, na sijaona watu wakishauriana hivyo bila kukatana kauli.

Mshumaa ulipozimika nilimuuliza mzee, “Amekubali?”

“Hajakataa.”

Akatia sahihi.

26 Julai

Jua kali. Boriti zimekauka vizuri. Toribia alikuja kwangu asubuhi, mikono kiunoni.

“Watu wa ng'ambo bado wapo. Jua lipo. Comadre, tuezeke leo, kesho tumemaliza.”

Nilimwambia kwamba Funes atakuja mwenyewe wiki ya kwanza ya Agosti kupiga picha za paa lililovunjika. Akikuta paa zima, andiko limekufa, na mzee ametolewa jasho bure.

“Lipige wewe picha leo, halafu tuezeke.”

“Ni lazima aone kwa macho yake.”

“Kwa hiyo paa letu linabaki wazi ili mtu aje alitazame.”

“Wiki moja, Toribia.”

“Sawa, Mwalimu,” alisema.

5 Agosti

Funes hakuja. Mlima umeporomokea barabara baada ya daraja la pili.

9 Agosti

Mvua imerudi. Funes anasema Ijumaa.

14 Agosti

Hakuja Ijumaa. Anasema mkubwa wake amechukua gari.

Nolvia amevuka leo na bunda lake la nguo na kuku mmoja chini ya kwapa. Toribia amemweka jikoni kwake, pamoja na wengine wawili waliotangulia. Ndani ya Nyumba ya Kusubiria maji yanafika kwenye vifundo vya miguu.

16 Agosti

Nolvia anarudi kwao. Nilikimbilia kwa Toribia, nikamkuta binti huyo anafunga bunda.

“Mwenyewe umeona, Mwalimu,” alisema. “Mama Toribia anatupa tortilla mbili mbili, yeye anakula nusu. Ni miezi ya njaa hii. Kule kwenye Nyumba wanawake walikuwa wanakula mahindi ya mtakatifu, ambayo hayatolewi nje, mtu hamwonei mtu haya. Hapa natafuna cha watoto wake.”

“Kaa kwangu.”

“Wewe unakula vitabu.” Akacheka, mkono mdomoni. Ni kweli ghala langu lilikuwa na kopo moja la maharage. “Nitarudi mkishaezeka. Nitumieni neno tu.”

“Wiki mbili,” nilimwambia. “Wiki mbili tu, Nolvia.”

Nolvia ametuachia kuku wake.

22 Agosti

Funes kwa simu: Kamati ya Tathmini imekubali kuendelea bila ukaguzi, lakini inataka sehemu ya uhitaji iwe na uzito zaidi.

“Umeandika juu ya msichana wa ng'ambo. Ni nzuri sana. Unaweza kuongeza idadi ya waliofariki?”

“Mwaka huu hajafa mtu.”

“Basi tumia ya mwaka jana.”

Nilimuuliza kama anayasikia anayoyasema. Alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegeukia ukutani: “Mimi pia naomba, Mwalimu. Wewe unaniomba mimi, mimi naomba huko juu. Unadhani mimi nakutana nao? Napata barua pepe.”

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nimeongeza waliofariki wa mwaka jana.

3 Septemba

Mvua.

4 Septemba

Mvua. Kamati ya Tathmini inakutana tarehe kumi na mbili.

12 Septemba

Kikao kimeahirishwa. Mtu mmoja yuko likizo. Hawakusema nani.

15 Septemba

Sikukuu ya uhuru. Watoto wameandamana kwenye matope na bendera zimewagandia mikononi. Mto unasikika hadi uwanjani. Toribia amepita mbele yangu bila kunisalimu. Jioni nilikwenda kwake, nikamwambia tuezeke, potelea mbali.

“Kwa mvua hii? Vigae vitawekwa na samaki?”

20 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu nikiacha utaratibu sitaandika kabisa.

Jana asubuhi, watu wakinywa kahawa, tulisikia pembe ikipulizwa kutoka ng'ambo. Kila mtu hapa anajua pembe hiyo ni ya machela. Toribia alitoka na mkoba wake, mimi nikamfuata, na nusu ya mji ikatufuata sisi.

Mto haukuwa mto. Ulikuwa shamba la matope linalotembea, lenye miti ndani. Upande wa pili tuliwaona wanaume na machela yao, wameinyoosha turubai ya plastiki juu ya fito, na chini yake Nolvia. Nilimtambua kwa gauni. Alikuwa amekwisha kuzaa. Santos, mumewe, alikiinua kitoto kilichofungwa shati tukione, nacho kilirusha mguu. Watu wa upande wetu walishangilia. Toribia hakushangilia. Alikuwa anamtazama Nolvia.

“Hamnyooshei mtoto mkono,” alisema. “Kwa nini hamnyooshei mkono?”

Kisha tuliona blanketi chini yake lilivyobadilika rangi.

Toribia alipiga kelele: msugue tumbo, mpe mtoto ziwa. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, lakini mto ulikuwa unanguruma na Santos aliweka mkono sikioni akatikisa kichwa. Vijana wawili walijifunga kamba wakaingia. Walirudishwa na maji hatua chache tu, mmoja ameumia bega. Hermógenes aliwazuia wasijaribu tena.

Hapo Toribia alifanya jambo ambalo sitalisahau mpaka nizikwe. Alipanda kwenye jiwe kubwa jeupe ambapo ng'ambo wangemwona, akalala chali juu yake, kwenye mvua, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Akapandisha blauzi. Akaweka ngumi juu ya tumbo lake mwenyewe, chini ya kitovu, akasugua, kwa nguvu, kwa kuzunguka. Akanyanyua kichwa kutazama kama wanaona. Akasugua tena. Akaniita: “Mwalimu, njoo uwe mtoto.” Sikuelewa. “Njoo hapa uwe mtoto.” Nilipanda, nikapiga magoti, akanivuta kichwa akakiweka kifuani kwake, huku mkono mwingine unaendelea kusugua.

Santos alielewa. Alimweka mtoto kifuani kwa mkewe, akaweka ngumi yake tumboni, akamtazama Toribia, akasugua. Toribia akibadilisha mkono, naye anabadilisha. Toribia akiongeza nguvu, naye anaongeza. Walikwenda hivyo, mto katikati yao, na sisi wote tumenyamaza kama kanisani. Mimi nilikuwa nimelaza shavu kwenye kifua chake nikausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Kutoka pale niliweza kuona paa la Nyumba ya Kusubiria juu ya kilima. Lile tundu.

Sijui ulipita muda gani. Mwishowe niliona mwanamume mmoja wa ng'ambo anamshika Santos bega. Santos alimsukuma, akaendelea kusugua. Toribia naye aliendelea, kwa sababu Santos alikuwa anaendelea. Yule mwanamume akavua kofia.

“Comadre,” nilisema, “inatosha.”

Alizidi kusugua. Ilibidi Hermógenes aje amteremshe.

22 Septemba

Maji yamepungua. Wamevuka na jeneza na mtoto. Ni msichana. Ananyonyeshwa na mmoja wa wale wanawake wawili wa jikoni kwa Toribia, aliyejifungua Jumatano, salama, kwenye sakafu kavu.

Nolvia amezikwa kwenye ardhi ya mtakatifu.

23 Septemba

Sijaandika lolote la maana.

2 Oktoba

Funes alipiga simu akiwa na furaha ya kweli. Ruzuku imekubaliwa. Yote. Mkataba utakuja kwa barua pepe, nitie sahihi ndani ya wiki mbili.

Nilimweleza habari za mto. Akasema samahani, na naamini aliona uchungu. Kisha akasema: “Mwalimu, usinielewe vibaya. Huko juu wanahitaji kuona. Ungepata picha yake, na maneno machache ya mume, awamu ya pili ingekuwa rahisi sana. Na tafadhali, picha ya paa kabla halijaguswa.”

Nilikata simu bila kumtukana. Miaka yote hii sijawahi kukosa tusi.

4 Oktoba

Kikao. Niliwaambia ruzuku imepatikana na kwamba sahihi bado. Niliwaambia pia kwamba ni mimi niliyewashika mikono Mei, na nikawashika tena Julai, jua likiwaka. Hakuna aliyenipinga na hakuna aliyenifariji. Ni sawa.

Toribia alisema, “Mvua imelegea leo.”

Hermógenes alisimama. “Boriti ziko palepale. Nani ana ngazi?”

“Na kifungu?” mtu mmoja aliuliza.

“Kile mtakatifu hakukipenda toka siku ile,” alisema mzee. “Sisi ndio tuliojifanya hatukusikia.”

6 Oktoba

Limeezekwa. Siku mbili, pamoja na kusimama kupisha manyunyu. Santos alivuka na wanaume wa Las Joyas, akafanya kazi juu kabisa kwenye mgongo wa paa, hakushuka kula. Jioni nilimuuliza kama naruhusiwa kumwandika mkewe mahali watu watakaposoma.

“Picha hapana,” alisema. “Maneno, sawa. Ila wasimwite mlengwa.”

Wanawake wanne wamelala humo. Toribia amenipa bakuli la uji wa mahindi na kuniambia, “Kunywa, comadre.” Nilikunywa nikiwa nimempa mgongo.

11 Oktoba

Mkataba uko mezani, unasubiri sahihi yangu chini ya kifungu cha kumi na moja. Sitatia. Badala yake napeleka kurasa hizi. Ndizo ripoti yetu.

Nawaandikia nyinyi wa Kamati ya Tathmini ya Mfuko wa Mapambazuko, na wewe Licenciado Funes uzifikishe huko juu unakoomba. Ulisema kinachokosekana ni watu wanaojua kuomba. Tuliomba kama mlivyotufundisha. Tuliomba kwa takwimu, kwa sehemu ya uhitaji, kwa waliofariki wa mwaka jana. Tuliomba kwa ustadi mkubwa hata tukaacha mikono yetu wenyewe mifukoni, boriti zikiwa zimekauka. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kwenu anayejua kutoa bila kwanza kuhakikisha kwamba panavuja.

Sharti lenu tumelivunja. Paa lipo, hatulidai. Ninachodai ni mshahara wa mkunga, dawa na chakula, mlivyovikubali kwa maandishi, na kifungu cha kumi na moja kifutwe kwa wote, kuanzia wale niliokaa nao ukumbini La Esperanza, kabla mvua ya Mei haijaanza.

Na jibu lenu msilipeleke kwa barua pepe. Mlitukatalia mmiliki asiye na kitambulisho, nasi miezi yote hii tumeandikiwa na kamati isiyo na jina la mtu. Njooni Novemba, mto ukishuka, kila mmoja na jina lake. Mkae kwenye kiti kilekile, katikati ya chumba, mbele ya Santos na Toribia, mshumaa uwashwe, na mwenye neno alisema. Mtakatifu wetu ni wa mbao, na alibebwa mpaka pale akaonyeshwa alichoombwa.

Nyinyi mna miguu. Njooni.